Maradhi Hurudi, Barua Ziko Wapi?



Leo nataka tuzungumze juu ya barua. Si barua za kuomba kazi wala za posa, bali barua za tahadhari; zile ambazo mtu huwaandikia wenzake kuwaambia kwamba huku kwetu watu wanakufa kwa ugonjwa tusioujua, je, huko kwenu upo? Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya simu niliyopigiwa mwaka jana, na kwa sababu ya aibu niliyoipata baada ya simu hiyo.

Aliyepiga ni dada mmoja, afisa mifugo katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Dodoma. "Shikamoo kaka," alianza. Nilipomwitikia akasema: "Mwaka 2007 ulifika nyumbani kwetu na kinasa sauti. Ukamhoji baba pale chini ya mbuyu. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, nilikaa pembeni nikisikiliza. Baba alikutajia siku ambayo mbuzi wake walianza kutupa mimba. Naomba unitafutie siku hiyo."

Baba yake amekwisha kufariki. Ofisini kwake hakuna hata karatasi moja inayoonyesha ugonjwa ule uliingia lini kijijini kwao, na yeye anaandika taarifa ya namna ulivyoenea wilayani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kipindi kile tulikirekodi, nitamtafutia.

Nilichokikuta nilipokwenda kutafuta nitakieleza mwishoni. Kwanza turudi nyuma.

Mvua za mwisho wa mwaka 2006 zilikuwa kubwa. Desemba ya mwaka huo Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Januari 2007 ikawa imeingia Tanzania kwa upande wa Arusha, kisha ikashuka Dodoma, Morogoro na mikoa mingine. Hadi ilipotulia, watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa nchini mwetu. Wenye mabucha watakumbuka: nyama ilining'inia tangu asubuhi hadi jioni bila mnunuzi.

Mimi nilikuwa kijana, na stashahada yangu ya uandishi wa habari ilikuwa bado inanukia wino. Mhariri wetu, mzee asiyependa maneno mengi, akaniita. "Ugonjwa huu ulikuja pia wakati wa mvua za El Nino," alisema. "Wakati ule tulisema nini? Katafute." Nikaenda chumba cha kanda. Mtunza kanda akanionyesha rafu, akaniambia bila kuona haya kwamba kanda za mwaka 1997 na 1998 zilikwisha kurekodiwa mambo mengine juu yake, maana kanda mpya ni ghali. Nilitoka pale mikono mitupu.

Siku hiyo hiyo daktari mmoja niliyemhoji aliniandikia anwani ya intaneti kwenye kipande cha karatasi. "Jaribu hapa," aliniambia. "Hawa hawatupi barua." Ilikuwa anwani ya ProMED. Nikalipia saa moja katika duka la intaneti pale mjini, nikaandika jina la ugonjwa, nikangoja. Zikatoka barua za Januari 1998, moja baada ya nyingine. Zilisimulia mafuriko, mifugo iliyokufa, na watu waliotokwa na damu. Desemba 1997 peke yake wilaya ya Garissa iliripoti vifo 170 vya namna hiyo, na baadaye watafiti walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika wilaya ile.

Lakini mimi nilitaka barua ya kwanza kabisa, na hiyo haikutoka. Nilihangaika nusu saa nzima huku fedha yangu inakwisha. Mwishowe nikaliacha jina la ugonjwa, nikaandika jina la nchi tu, Kenya, na mwezi, Desemba 1997. Ndipo zikajitokeza barua zilizozungumzia vifo visivyoeleweka, watu wakijiuliza kama ni kimeta au ni kitu kingine. Jina nililokuwa nikilitafuta halikuwamo, kwa sababu siku zile waandishi wa barua hizo walikuwa hawajalijua.

Somo hilo sijalisahau. Anayetafuta mwanzo wa jambo asilitafute kwa jina ambalo jambo hilo lilipewa mwishoni.

Sasa, ndugu msikilizaji, barua hizi zilianzaje, na nani alizitunza?

ProMED ilianzishwa Marekani mwaka 1994 chini ya Shirikisho la Wanasayansi wa Marekani. Waasisi wake walikuwa Stephen Morse, Barbara Hatch Rosenberg na Jack Woodall. Huyu wa tatu hakuwa mgeni wa Afrika Mashariki. Alipokuwa kijana alifanya kazi Entebbe, Uganda, katika Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki. Mwaka 1961 yeye na mwenzake walichapisha maelezo ya kirusi cha o'nyong'nyong, ugonjwa uliozuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959 na kuenea hadi Kenya na Tanganyika. Jina hilo ni la Kiacholi, nalo linaeleza jinsi viungo vya mgonjwa vinavyouma. Wanakijiji waliupa ugonjwa jina; maabara ikafuata nyuma. Nadhani mtu aliyeliona hilo akiwa kijana hakuhitaji kuambiwa kwamba habari ya ugonjwa huanzia kijijini, haianzii wizarani.

Utaratibu wa ProMED ulikuwa mwepesi. Daktari, muuguzi, mtaalamu wa mifugo au mtu mwingine yeyote akiona jambo geni, aliandika barua pepe. Wahariri, ambao wenyewe ni wataalamu wa maradhi, waliisoma, wakaipima, wakaongeza maelezo yao, kisha wakaituma kwa kila aliyejiandikisha. Haikuhitaji muhuri wa serikali yoyote. Walianza na watu 40. Baadaye wakawa makumi ya maelfu, karibu katika kila nchi duniani.

Kutuma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutunza ili kilichotumwa kipatikane tena. Vijana wa leo, mliozoea kuandika neno kwenye simu na kupata majibu kabla hamjapepesa macho, ni vizuri mjue mambo yalivyokuwa. Mwaka 1986 Eric Thomas aliandika programu iitwayo LISTSERV, na baada yake zikaja nyingine za aina hiyo. Kazi yake ilikuwa kupokea barua moja, kuisambaza kwa wengi, na kuweka nakala. Ukitaka nakala ya zamani hukuwa na ukurasa wa kufungua. Ulimwandikia barua mtambo wenyewe! Barua yako ilikuwa na amri fupi tu: nipe orodha ya yaliyomo, au, nipe jalada fulani. Mtambo haukujua adabu. Ukianza kwa kuujulia hali, uliichukua salamu yako kuwa ni amri na kukujibu kwamba amri hiyo hauijui. Ukikosea herufi moja, yalikuwa yale yale. Orodha ikija, unaisoma, unachagua, unaandika barua ya pili, unangoja tena.

Na huku kwetu kungoja kulikuwa kungoja kweli kweli. Waganga wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walipata barua hizo kwa njia ya HealthNet, huduma ya shirika la SatelLife lililoanzishwa na Dk. Bernard Lown, bingwa wa moyo. Shirika hilo lilitumia setelaiti ndogo, mojawapo ikiitwa HealthSat-2, iliyorushwa mwaka 1993. Setelaiti hiyo haikukaa mahali pamoja angani. Ilizunguka dunia, ikapita juu ya kituo mara chache kwa siku, ikachukua barua zilizokuwepo na kushusha zilizokuja. Ikishapita, mgangoje tena. Mwaka 1995 SatelLife ndiyo iliyoanza kuibeba ProMED katika mitambo yake.

Mwaka huo huo ikaja Kikwit. Katika mji huo wa Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu 315 waliugua Ebola na wapatao 250 wakafa. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni kuhara damu. Habari za Kikwit zilisafiri kwa barua za ProMED kutoka kwa mtaalamu hadi mtaalamu, na huduma hiyo changa ikapata heshima yake.

Kila barua ya ProMED ilipewa namba, na namba hiyo ndiyo ufunguo wa kuipatia. Chukua mfano wa namba 20030210.0357. Tarakimu za kwanza ni mwaka, mwezi na siku: tarehe 10 Februari 2003. Zinazofuata baada ya nukta ni za mpangilio wa barua. Katika barua hiyo Dk. Stephen Cunnion wa Marekani aliuliza kama kuna mtu aliyesikia habari za ugonjwa katika mji wa Guangzhou, China, maana rafiki alikuwa amepata fununu kwamba hospitali zimefungwa na watu wanakufa. Kesho yake, tarehe 11, China ikaliarifu Shirika la Afya Duniani kwamba kuna wagonjwa 305 na watano wamekufa. Ugonjwa ule tuliujua baadaye kwa jina la SARS. Uliua watu zaidi ya 770 katika nchi mbalimbali. Lakini jina SARS lilikuja mwezi Machi. Ukiandika SARS peke yake ukategemea kuipata barua ya Februari, utaambulia patupu. Kichwa chake kinasema nimonia, China.

Mfano wa pili ni wa tarehe 30 Desemba 2019. Barua yenye namba 20191230.6864153 ilieleza nimonia isiyojulikana katika jimbo la Hubei, China, na kuomba mwenye habari aziseme. Nyinyi na mimi tunajua kilichofuata. Jina COVID-19 lilitolewa tarehe 11 Februari 2020, majuma sita baadaye.

Wahariri wa ProMED walilijua tatizo hili la majina, wakalitafutia dawa. Chini ya barua mpya waliorodhesha barua za nyuma zinazohusiana nayo, pamoja na namba zake. Barua ya leo inakuonyesha ya jana, ya jana inakuonyesha ya juzi, mpaka unafika kwenye ile ya kwanza ambayo haikuwa na jina. Mtu akinasibu ukoo wake hufanya vivyo hivyo: fulani bin fulani bin fulani.

Msidhani haya ni ya China na Kongo tu. Mwezi Julai 2022 tulitangaza redioni habari za ugonjwa wa ajabu wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ambapo watu walitokwa na damu puani. Baada ya vipimo ukaitwa homa ya mgunda. Tarehe 16 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza ugonjwa usiojulikana mkoani Kagera. Tarehe 21 ndipo ikathibitishwa kwamba ni Marburg. Mtafiti wa mwaka 2040 atakayetafuta kwa neno Marburg peke yake atazikosa siku tano za kwanza. Na siku tano za kwanza ndizo zenye mafunzo: nani aliona, alimwambia nani, na aliyeambiwa alifanya nini.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi.

Tangu mwaka 1999 ProMED imekuwa chini ya Jumuiya ya Kimataifa ya Magonjwa ya Kuambukiza, yenye makao yake Marekani. Julai 2023 jumuiya hiyo ilitangaza kwamba fedha zimepungua sana. Ilieleza pia kwamba wako watu wanaozichota barua zake kwa mitambo na kuziuza bila kuchangia chochote. Kwa hiyo ikatangaza mpango wa kutoza ada, na kwamba barua zenye umri wa zaidi ya siku 30 zisingekuwa wazi tena kwa kila mtu. Agosti 2023 wahariri 21 wakatia saini barua ya kulalamika na kusimamisha kazi zao.

Sitaki kumlaumu mtu. Kutunza barua kunahitaji fedha: mitambo, umeme, na wahariri wanaokesha. Asiyelipa chochote hana haki ya kutukana jikoni. Lakini hebu tuitazame hiyo hesabu ya siku 30 kwa macho ya mfugaji.

Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa na wataalamu mwaka 1931, kutoka shamba moja la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Haiji kila mwaka. Ilikuja 1997, ikarudi 2006. Kati ya safari moja na nyingine hupita miaka, na sababu yake inajulikana. Baadhi ya mbu wanaoieneza hutaga mayai katika udongo wa mabonde yanayojaa maji. Mayai hayo hukaa katika udongo mkavu miaka mingi, mengine yakiwa tayari yana virusi ndani yake, yakingojea mvua kubwa. Mvua ikija, yanaanguliwa. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe una hifadhi yake, tena haina ada wala mwisho wa siku 30. Je, sisi tutaukabili kwa kumbukumbu ya mwezi mmoja? Daktari wa mifugo anaweza kuajiriwa mwaka mmoja baada ya ugonjwa kupita, akafanya kazi miaka tisa, akahamishwa, asiuone hata siku moja. Atakayempokea atautambuaje, kama hakuna barua ya kumwambia kwamba mara ya mwisho ulianza hivi, mbuzi walitupa mimba kwanza, na watu wakafuata?

Sasa nirudi kwa dada yangu afisa mifugo.

Nilikwenda kwenye kituo kile nilichofanyia kazi mwaka 2007. Walinipokea vizuri, wakanipa na chai. Kipindi changu hakipo. Kaseti niliyorekodia chini ya mbuyu ilirudishwa chumba cha vifaa, ikachukuliwa na mwenzangu kwa safari nyingine. Kanda kubwa ya kipindi chenyewe ilirekodiwa juu yake, kama zile za El Nino zilivyorekodiwa. Na mimi niliyetoka katika chumba kile cha kanda nikiwa nimekasirika, sikufikiri hata siku moja kuandika pembeni, katika daftari la kudumu, jina la mzee yule, kijiji chake na tarehe aliyonitajia. Ninaweza leo kuzisoma barua za wageni juu ya Garissa ya mwaka 1997. Maneno ya mzee wa Dodoma, yaliyosemwa mbele yangu miaka kumi baadaye, siwezi kuyapata. Hiyo ndiyo aibu niliyoitaja mwanzoni.

Kwa hiyo nina maombi matatu. La kwanza ni kwa wenzangu wa redio: tusirekodi juu ya sauti ya shahidi. Siku hizi hatuna kisingizio cha bei ya kanda. Kilichobaki ni uvivu wa kuandika lebo. La pili ni kwa ofisi za afya na mifugo za wilaya: andikeni siku ya kwanza, hata kama ugonjwa hauna jina. Andikeni dalili kwa maneno yale yale ya mwenye mifugo, kijiji, na tarehe, kisha jina la maabara likija liongezeni, msifute la kwanza. La tatu ni kwa wenye fedha, wa ndani na wa nje: gharama ya kutunza barua ichangiwe na wote wanaofaidika nayo, ili mlango usifungwe kwa yule muuguzi wa zahanati ambaye ndiye aliyeandika barua.

Nilimpigia simu yule dada nikamweleza ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Wewe mwenyewe kaka, hukumbuki hata kidogo?"

Nakumbuka mbuyu. Namkumbuka mzee, kofia yake, na jinsi alivyohesabu kwa vidole kurudi nyuma kutoka siku ya mnada ili asikosee. Alihesabu kwa makini sana. Tarehe yenyewe siikumbuki.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.